Kanali Patterson na Simba wa Tsavo: Risasi ya Usiku Imepata au Imekosa?

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, wale miongoni mwetu waliowahi kulinda usiku katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupita Magara na Minago hadi Rumonge, kisha kuteremka hadi Nyanza-Lac, wanafahamu ya kuwa giza la huko si giza la milimani. Ziwani zinawaka taa za wavuvi wa ndagala, zimepangwa utadhani ni mji. Nchi kavu, chini ya michikichi, mtu haoni hata kiganja chake mwenyewe. Jicho lililokwisha zoea taa zile, likigeuzwa upande wa michikichi, huwa ni jicho la kipofu kwa muda mrefu.

Katika giza hilo askari mmoja wa lindo, katika kambi ambayo hatuitaji, alimfyatulia risasi mbweha aliyekuja kuwinda kuku. Akashika kwamba amempata, kwa kuwa alimwona akiruka. Mwenzake akashika kwamba amekosa, kwa kuwa kila mnyama huruka akisikia mshindo. Wakabishana mpaka alfajiri, ndipo wakatuletea shauri lao. Kulipopambazuka tulikwenda mahali penyewe, tusione tone la damu wala unywele mmoja. Tuliona kitu kingine: shina la mchikichi limechimbwa na risasi, kimo cha kifua cha mtu, na nyuma ya mchikichi ule, hatua zisizotimia mia, palikuwa nyumba ya mvuvi ambamo watoto walikuwa wamelala. Katika daftari la risasi tukaandika: moja, imekosa.

Shauri hilo ndilo lililotukumbusha maisha ya mtu mmoja aliyejulikana sana ulimwenguni kwa ajili ya risasi alizopiga usiku, nyingi zikikosa na chache zikipata, katika nchi ya jirani zetu wa Kenya. Jina lake John Henry Patterson.

Patterson alizaliwa Novemba 1867 huko Ireland. Aliingia katika jeshi la Waingereza angali kijana, akatumika India, na huko akajifunza mambo matatu ambayo baadaye yalimfaa: kazi ya ujenzi, lugha ya Kihindustani, na kuwinda chui wakubwa wenye milia. Tarehe 1 Machi 1898 alishuka Mombasa. Waingereza walikuwa wakijenga reli ya kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na kazi aliyopewa Patterson ilikuwa kujenga daraja la kudumu juu ya mto Tsavo na kusimamia kazi nyingine za sehemu ile. Maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka India, walikuwa wamepiga mahema katika vichaka vya miiba pande zote mbili za njia ya reli. Wakati huo hakuwa kanali bado. Cheo hicho alikipata baadaye.

Siku chache baada ya kuwasili kwake watu wakaanza kupotea usiku. Kwanza hakusadiki, akadhani ni wezi wanaowaua wenzao kwa ajili ya fedha. Lakini alipotwaliwa jemadari wake Ungan Singh, Kalasinga mwenye nguvu, akaburutwa kutoka hemani mbele ya wenzake, Patterson alifuata alama za mburuto asubuhi, akaona kwa macho yake kilichosalia. Walikuwa simba wawili, wote madume yasiyo na manyoya ya shingoni. Usiku uleule alikaa juu ya mti karibu na hema la marehemu, bunduki mbili mkononi, akisubiri warudi. Walirudi kweli, lakini si pale: alisikia kilio kutoka kambi nyingine, mbali kiasi cha nusu maili, wala hakuweza kufanya lolote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miezi mingi. Alipolinda mashariki walikuja magharibi. Vibarua walijenga maboma ya miiba, wakawasha mioto, wakagonga madebe usiku kucha, simba wakapenya. Askari yeyote aliyewahi kufukuza adui anayechagua mwenyewe mahali pa vita na saa ya vita ataielewa taabu yake bila kuelezwa.

Hapa tunafikia usiku wa behewa, ambao kwa maoni yetu unafundisha kuliko usiku wote wa Tsavo. Hospitali ya kambi ilikuwa imehamishwa baada ya simba kuivamia. Patterson na Daktari Brock wakajificha ndani ya behewa la mizigo karibu na boma lililoachwa, wakiwa na ng'ombe wa kuwavutia simba. Nusu ya chini ya mlango ilifungwa, nusu ya juu ikaachwa wazi. Walikodoa macho gizani saa nyingi. Mara kitu kikubwa kikawarukia kutoka gizani, nao wakafyatua pamoja, kwa dakika moja. Mwako wa bunduki mbili uliwatia upofu, na mshindo wake ndani ya behewa ukawatia uziwi. Mnyama akatoweka. Je, amepigwa au hakupigwa?

Hakuna aliyeweza kujibu usiku ule, na sifa yao ni kwamba hawakujaribu kujibu. Asubuhi waliishuka ardhi wakaitazama. Risasi ya Brock waliikuta imezama mchangani kando ya alama ya unyayo wa simba. Ilimkosa kwa inchi moja au mbili tu. Risasi ya Patterson haikuonekana popote. Basi hukumu ikawa: tumekosa wote wawili. Mwindaji mwingine angetangaza kwamba risasi isiyoonekana ndiyo iliyoingia mwilini mwa simba. Patterson hakutangaza hivyo, na ndiyo maana tunamsadiki anapotuambia kwamba nyingine zilipata.

Inafaa tueleze kidogo kwa nini jambo hili ni gumu. Usiku mpigaji huwa kipofu papo hapo anapopiga, kwa kuwa mwako wa mtutu unaondoa uwezo wa jicho ambalo lilikuwa limezoea giza, na ni katika nukta ileile mnyama anaonyesha kama ameumia. Kwa hiyo macho hayana ushahidi. Yabaki masikio: risasi inayoingia nyamani ina mlio wake, kishindo kizito cha kugonga, nayo inayopiga udongo au mti ina mlio mwingine, na mnyama aliyejeruhiwa mara nyingi hutoa sauti. Lakini hata sauti inaweza kudanganya, hasa moyo unapodunda. Ushahidi wenyewe umelala chini hadi kukuche: damu, unywele uliokatwa, kipande cha mfupa, kwato au kucha zilizochimba udongo kwa ghafla, na risasi yenyewe ikiwa imekosa. Damu nayo ina lugha yake. Ile nyekundu yenye povu hutoka mapafuni, na mnyama wake hafiki mbali. Ile iliyochanganyika na majani aliyokula hutoka tumboni, na mnyama wake aweza kwenda kutwa nzima. Matone machache si kifo. Wengi hupotelea hapo.

Patterson alijifunza hayo kwa gharama. Alikuwa ametengeneza mtego mkubwa wenye vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa vyuma vya reli: kimoja cha watu ambao ndio chambo, kimoja cha simba, chenye mlango wa kuanguka. Mwenyewe alilala ndani yake siku kadhaa bila kupata kitu. Mwanzoni mwa Desemba 1898 vibarua walikuwa wamechoka kabisa. Mamia yao walilala juu ya reli wakasimamisha gari moshi, wakalipanda na kwenda zao pwani, na kazi ikasimama muda wa majuma matatu. Hatuoni sababu ya kuwalaumu. Walikuja kujenga njia, hawakuandikishwa kuwa chakula. Ndipo kutoka pwani akaletwa mkuu wa polisi, Bwana Farquhar, pamoja na askari ishirini hivi wa Kihindi. Mkuu wa wilaya, Bwana Whitehead, naye alifika usiku. Njiani simba alimrukia akampapura mgongo, akamwua sajini wake wa askari, Abdullah.

Askari wawili wa Farquhar waliwekwa mtegoni, wana bunduki za Martini na risasi tele. Usiku huo simba aliingia. Mlango ukaanguka nyuma yake. Alikuwa amefungwa, hatua moja kutoka kwao, vyuma tu katikati. Wangeweza kumgusa kwa mitutu. Kwanza waliingiwa na hofu hata hawakupiga kabisa kwa muda wa dakika kadhaa. Walipoanza kupiga, walipiga kila upande, hata Patterson na Whitehead, waliokuwa pembeni kabisa, walisikia risasi zikipita karibu nao. Zaidi ya risasi ishirini zilipigwa. Mojawapo ilikata chuma cha mlango, simba akatoka kwa njia hiyo. Ndani ya mtego ilionekana damu kidogo.

Wasomaji wetu wasiharakishe kuwacheka askari wale. Walikuwa wamefungwa katika sanduku la chuma gizani pamoja na mnyama aliyekwisha kula watu wengi, wala hatudhani kuna mtu aliyewazoeza kwa kazi hiyo kabla ya kuwaweka humo. Tunachotaka kionekane ni ile damu. Mtu mwenye haraka angeandika katika taarifa kwamba simba amejeruhiwa vibaya na huenda akafa. Patterson aliandika kwamba ni jeraha dogo tu. Alisema kweli.

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba mtu mmoja alimkimbilia akipiga kelele kwamba simba yuko karibu na mto, anakula punda. Patterson alichukua bunduki nzito aliyoachiwa na Farquhar. Vibarua wakazunguka nyuma ya kichaka na ngoma na madebe, simba akatoka mbele ya Patterson, karibu mno. Akavuta kilimi, bunduki ikakataa kulia. Simba, akiwa amechanganyikiwa na kelele, aliruka kando, na Patterson akampiga kwa mtutu wa pili. Ngurumo ya hasira ikamjulisha kwamba safari hii imepata. Hata hivyo mnyama alikwenda zake.

Jioni alijenga ulingo mwembamba wa nguzo nne, kimo cha futi kumi na mbili, karibu na mzoga wa punda ambao simba hakuumaliza. Alipanda peke yake. Usiku simba akaja, lakini akampuuza punda, akaanza kumzunguka mwindaji. Kwa muda wa saa mbili alizunguka ulingo akijongea kidogo kidogo. Katikati ya hali hiyo bundi akamgonga Patterson kisogoni, akidhani pengine ni tawi la mti, naye nusura aanguke. Hatimaye aliona kivuli katika weupe wa vichaka akalenga, akapiga. Ulitoka mngurumo wa kutisha, kisha vishindo vya mwili unaojirusha huku na huku. Hakuuona tena, basi akaendelea kupiga kuelekea sauti. Ngurumo zikageuka kuwa mikoromo, mikoromo ikawa pumzi nzito, kisha kimya.

Kambini walisikia milio wakauliza kwa sauti kuna habari gani. Akajibu kwamba yeye ni salama na simba mmoja amekufa. Watu walikuja na ngoma na tarumbeta wakamwita mbarikiwa, wakataka kumtafuta mnyama mara ile. Patterson akakataa. Alikuwa na hakika, lakini hakika yake ilikuwa ya masikio tu, na simba wa pili alikuwa angali hai mahali fulani. Kulipokucha walifuata damu, na baada ya mwendo mfupi wakamwona simba ameinama kana kwamba anataka kuruka. Wakamtazama kwa makini. Hakutikisika. Alikuwa na majeraha mawili ya risasi, moja nyuma ya bega la kushoto, iliyofika moyoni, na jingine katika mguu wa nyuma. Urefu wake kutoka pua hadi ncha ya mkia ulikuwa futi 9 na inchi 8, na wanaume wanane walihitajika kumbeba.

Simba wa pili alimwaibisha kabla ya kufa. Usiku mmoja Patterson alimvizia kutoka katika kibanda cha mabati, ametoboa tundu la kupigia, na nje amefunga mbuzi watatu kwenye kipande cha reli chenye uzito wa ratili 250. Karibu na mapambazuko simba alikuja, akamkamata mbuzi mmoja, akaondoka nao wote watatu pamoja na chuma chao. Patterson alipiga risasi kadhaa katika giza totoro. Asubuhi ilionekana kwamba kitu pekee alichopata ni mbuzi mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1907, hakulificha.

Baada ya hapo alijenga jukwaa mahali simba alipoachia mizoga, akakaa usiku na mbeba bunduki wake Mahina. Simba akaja karibu kabisa, naye akampiga begani kwa bunduki ya mtutu laini iliyoshindiliwa vipande vikubwa vya risasi. Simba alianguka! Mtu yeyote angeapa kwamba amekwisha. Akainuka, akaenda. Mchana walifuata damu nyingi kupita maili moja, wakaona mahali pengi alipopumzika, hata walipofika kwenye miamba alama zikapotea. Siku kumi simba hakuonekana, na kambi ikaanza kusadiki kwamba amefia vichakani.

Alirudi usiku wa tarehe 27 Desemba, akiwazunguka vibarua waliokimbilia mtini. Usiku uliofuata Patterson na Mahina wakakaa katika mti uleule. Kiasi cha saa tisa usiku Patterson aliamka kutoka usingizini bila kujua sababu, akatazama, akamwona akinyemelea. Alimngojea mpaka hatua ishirini hivi, akapiga kifuani, akasikia risasi ikigonga. Simba aliponguruma na kukimbia alimpiga tena mara tatu, na mara ya mwisho akasikia ngurumo nyingine. Alfajiri walifuata damu, na kabla ya robo maili wakamkuta, si mfu bali mwenye hasira. Alirukia. Risasi ikamwangusha, akainuka, nyingine haikumzuia. Patterson alinyosha mkono nyuma apokee bunduki ya pili, lakini Mahina alikuwa amekwisha panda nayo juu ya mti. Hakuwa na la kufanya ila kumfuata, na angekamatwa kama risasi moja isingekuwa imemvunja simba mguu wa nyuma. Kutoka mtini alimpiga akaanguka. Kisha akafanya kosa ambalo kila askari alikwisha onywa asilifanye: aliruka chini mara moja kumkaribia. Simba akainuka tena. Risasi ya kifuani na ya kichwani zikamlaza hatua tano mbele yake, akiuma tawi.

Alipochunwa alikutwa na matundu sita ya risasi. Na katika nyama ya mgongo, imezama kidogo tu, ilikutwa ile risasi ya jukwaani ya siku kumi nyuma. Hiyo ndiyo iliyomwangusha mbele ya macho yao na kumwaga damu ya maili nzima, nayo haikupita sana chini ya ngozi.

Vibarua walirudi kazini, na Februari 1899 daraja likakamilika. Wafanyakazi walimtunza Patterson bakuli la fedha.

Kuhusu risasi zake alikuwa mwaminifu. Kuhusu waliokufa, mambo ni mengine. Katika kitabu alisema wameuawa Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hawakuandikwa katika daftari lolote. Baadaye akataja jumla ya 135. Mwaka 2009 wataalamu walichunguza mifupa na manyoya ya simba wale, kwa kuwa chakula alichokula mnyama huacha dalili mwilini mwake, wakakadiria watu 35 hivi walioliwa, mmoja wa simba akiwa amekula zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Hesabu hiyo ni ya walioliwa, si ya wote waliouawa. Sisi tunaona uchungu kwamba kila risasi ya Tsavo ina habari zake, imeingia wapi na imetoka wapi, ilhali Waafrika waliochukuliwa usiku katika nchi yao wenyewe hakuna aliyewahesabu mpaka simba alipoulizwa.

Maisha ya Patterson hayakuishia hapo. Alipigana Afrika Kusini katika vita vya Makaburu, akapata nishani. Alirudi Afrika ya Mashariki kuwa mkuu wa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1908 alikwenda safarini pamoja na Mwingereza aitwaye Audley Blyth na mkewe. Njiani Blyth alikufa hemani kwa risasi. Patterson alimzika, kisha akaendelea na safari pamoja na mjane. Maneno yakawa mengi, hata bunge la Uingereza likauliza. Hakushtakiwa, lakini cheo kile alikiacha. Polisi watatuelewa tukisema kwamba mtu aliyechunguza kwa makini hivyo mchanga wa Tsavo aliacha pale mahali pasipochunguzwa ipasavyo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza kikosi cha Mayahudi cha kubeba mizigo kwa nyumbu huko Gallipoli mwaka 1915, kisha batalioni ya Mayahudi katika Palestina. Ngozi za simba zilikuwa mazulia nyumbani kwake miaka 25, mpaka mwaka 1924 alipoziuza pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000. Mafundi walizijaza, na kwa kuwa zilikuwa zimechakaa na kukatwa kingo, simba wanaoonekana leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Mwaka 2024 wataalamu walichomoa nywele zilizokwama katika meno yao yaliyovunjika, wakatambua pundamilia, twiga, choroa, kuro, nyumbu na binadamu.

Patterson alifariki Marekani, katika jimbo la California, Juni 1947, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 2014 majivu yake na ya mkewe yalichukuliwa kwenda Israeli, yakazikwa karibu na makaburi ya baadhi ya askari waliowahi kuwa chini yake.